Mwangalizi wa Kivuko

Jina la kazini alipewa na vibarua wa duka la saruji. Kutwa nzima alikuwa akitia tiki: tiki gari dogo, tiki lori, tiki mkanda umefungwa, tiki simu sikioni. Basi wakamwita Mama Tiki, na baada ya wiki mbili hata mwenye duka alisahau kwamba yule mwanamke wa makamo, anayepanda ngazi kila asubuhi na mfuko wa kitambaa begani, alikuwa na jina jingine.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizani ya magari makubwa kwa miaka kumi na sita. Mizani ilipowekewa mashine za kujiandikia zenyewe, yeye na wenzake saba wakaambiwa asanteni. Alikaa nyumbani mwaka mzima na baba yake, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, wakiangaliana tu. Ndipo ofisi moja ya utafiti ilipobandika tangazo kwamba inatafuta watu wenye macho mazuri, mwandiko unaosomeka na subira. Mama Tiki alikuwa na vyote vitatu, tena subira alikuwa nayo ya kugawia majirani.

Utafiti ulihusu tabia za madereva. Aliyeuongoza alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani minene, ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Aliwafundisha siku mbili. Watu wanakufa kwenye vivuko vya pundamilia, aliwaambia, mahali penyewe palipochorwa ili wasife. Wanaokufa tunawajua, kwa kuwa polisi wanaandika. Tusichokijua ni siku zile ambazo hafi mtu: nani anapunguza mwendo, nani hapunguzi, nani anaongea na simu, nani anampita mwenzake aliyesimama.

"Dereva akijua anaangaliwa anakuwa malaika," alisema. "Mwaka jana tulimweka mtu barabarani na koti linalong'aa. Wiki nzima hakuna aliyezidisha mwendo. Makaratasi yote tukatupa. Kwa hiyo wewe hupo. Hupigi kelele, huinui mkono, humvushi mtu. Wewe si askari na si mama wa mtu. Ukionekana, utafiti umekufa."

Wakatia sahihi karatasi mbili. Ya kwanza ilisema mwangalizi hataingilia chochote kinachotokea barabarani, wala hatamweleza mtu anachofanya. Ya pili ilisema hakuna neno wala namba itakayokusanywa ambayo itatumika kumshitaki dereva yeyote. Mama Tiki alizisoma zote mbili hadi nukta ya mwisho, mazoea ya mizani, kisha akatia sahihi.

Kituo chake kilikuwa chumba cha juu cha duka la vifaa vya ujenzi. Alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa na kuwekewa mto, kati ya mabunda ya misumari na mifuko ya saruji iliyopasuka. Jioni akijipangusa uso kitambaa kilitoka kijivu. Dirishani aliiona barabara yote: njia mbili za kwenda, njia mbili za kurudi, mteremko mrefu kutoka mzunguko wa juu, na chini kabisa michirizi ya kivuko iliyofifia kama chaki iliyofutwa na kiganja. Ng'ambo ya pili palikuwa na hoteli ndogo ya wageni, duka la dawa na ukuta mrefu wa ghala.

Alipewa kifaa cha kupima mwendo kilichofanana na mashine ya kukaushia nywele, saa ya mezani, na fomu za safu kumi. Safu ya kumi iliitwa tukio. Sifuri maana yake hakuna kitu. Moja, mtu amekoswakoswa. Mbili, mtu amegongwa. Moja aliiandika karibu kila siku. Mbili hakuwahi kuiandika.

Baada ya wiki sita alikuwa anajua mambo ambayo hata askari wa barabara ile hawakuyajua. Alijua kuwa madereva wa magari ya shule wanakimbia kuliko wa magari ya mizigo. Alijua kuwa mvua ikinyesha watu hawapunguzi mwendo, wanasogeza uso kwenye kioo tu. Na alijua kuwa kwa kila magari ishirini yaliyomkuta mtu amesimama ukingoni anataka kuvuka, moja tu ndilo lilisimama. Mengine kumi na tisa yalipita kana kwamba yule mtu ni nguzo ya umeme.

Miongoni mwa waliovuka alikuwepo mwanamke mmoja mwenye kibanda cha kupiga pasi nyuma ya duka la saruji. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, alipeleka nguo hotelini, mashati ya wahudumu na mashuka ya wageni, mengine begani kwenye hanga, mengine mkononi yamekunjwa. Walizoeana kwenye benchi la chai, chini ya ngazi. Mpiga Pasi alikuwa mcheshi, sauti kubwa, mikono imejaa makovu madogo ya moto.

"Dada, leo mimi nimekuwa wa ngapi?" alikuwa akiuliza.

"Siruhusiwi kusema."

"Haya. Nitajihesabu mwenyewe."

Siku moja alikunywa chai yake taratibu kuliko kawaida, akasema, "Unajua, zamani nilikuwa navuka roho mkononi. Mashuka yakidondoka, siku imeharibika. Mimi nikidondoka, ndiyo basi tena. Lakini tangu uje nimepata moyo. Navuka najua kuna mtu wa serikali juu pale ananiangalia."

Mama Tiki alitaka kumwambia kwamba yeye si mtu wa serikali, na kwamba kuangalia kwake hakumzuii hata baiskeli. Lakini ile karatasi ya kwanza ilimzuia. Walikuwa wamekatazwa kueleza wanachofanya.

"Wewe angalia pande zote mbili, dada," alisema.

"Naangalia. Na wewe unaniangalia. Tuna macho manne," Mpiga Pasi alisema, akacheka, akabeba mashuka yake.

Jumanne moja ya wiki ya tisa, saa nne na robo asubuhi, jua lilikuwa zuri na barabara kavu. Mpiga Pasi alifika ukingoni na mashati meupe kumi na mbili kwenye hanga, ameyatupa begani kushoto. Magari manne yakapita. La tano lilikuwa teksi ya zamani ya kijani, ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa kwenye njia ya karibu, na dereva wake akatoa mkono dirishani kumpa ishara: pita, mama.

Mama Tiki alifurahi. Alitia tiki ya kusimama, akainua kifaa chake kuelekea juu ya mteremko kupima gari lililofuata. Lilikuwa lori la mabomba ya chuma, kwenye njia ya pili. Themanini na tatu. Dereva amefunga mkanda. Simu, hapana. Mikono yote miwili kwenye usukani. Kwa fomu ile, ukiacha mwendo, alikuwa dereva safi.

Kutoka juu pale aliona kile ambacho wale wawili chini hawakuweza kukiona. Mpiga Pasi alikuwa mbele ya teksi, na teksi ilimficha lori. Lori lilikuwa linashuka, na teksi ililificha mtu. Dirisha lilikuwa wazi. Baadaye alihesabu mara nyingi sana, akapata kwamba alikuwa na sekunde tatu, labda nne. Ndani ya sekunde hizo mkono wake uliandika 83 kwenye safu ya nne.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Si kwamba alitaka kupiga kelele akajizuia. Mdomo haukufunguka hata kidogo. Wiki tisa zilikuwa zimemfunza kutokuwepo, naye hakuwepo.

Alisikia breki baada ya kishindo, si kabla. Alishuka ngazi bila kujua ameshukaje. Mashati yalikuwa yametapakaa hadi kwenye ukuta wa ghala, mengine bado meupe kabisa. Mpiga Pasi alikuwa amelala upande, hatua kumi na nane kutoka kwenye kivuko. Mama Tiki alipiga magoti, akamshika mkono, akamwita dada, dada. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwangalia mtu. Vibarua walitoka dukani na turubai.

Dereva wa lori alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, ndevu za siku mbili. Alikuwa amevua viatu na kuviweka kando yake sambamba, kama mtu anayeingia nyumbani.

"Nimegonga nini?" aliuliza.

Vibarua walikuwa wakitandaza turubai.

Teksi ya kijani haikuwepo tena. Mwenye teksi aliogopa kesi, akaondoka kabla polisi hawajafika. Mama Tiki alirudi juu kuchukua mfuko wake, akaikuta fomu mezani. Mstari wa mwisho ulikuwa na safu tisa zimejazwa na moja tupu. Alikaa juu ya ndoo, akachukua kalamu, akaandika mbili.

Kesho yake Daktari alimwita ofisini. Alimpa kiti, akamletea maji yeye mwenyewe. Alisoma ile fomu, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

"Pole sana," alisema. "Naomba upumzike hata wiki mbili." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejionea aibu, "Sijawahi kuona mtu amerekodi kitu hiki chote. Kabla, wakati wenyewe, na baada."

"Nilikuwa na dirisha wazi," Mama Tiki alisema.

"Ulifuata utaratibu."

"Ndiyo hilo ninalokuambia."

Hakupumzika. Sehemu ya pili ya utafiti ilikuwa mahojiano na madereva waliopata ajali, na Daktari alikuwa na kibali cha kuingia mahabusu. Mama Tiki aliomba amhoji yule wa lori. Daktari alisita, lakini hakuwa mtu wa kukataa kwa nguvu.

Walikutana kwenye chumba chenye meza moja iliyochimbiwa sakafuni na dirisha lililo juu mno kwa mtu kuangalia nje. Mama Tiki alimsomea maneno aliyotakiwa kumsomea: utakachosema ni siri, hakitatumika dhidi yako. Dereva aliitikia kwa kichwa. Alionekana kama mtu ambaye angeitikia chochote.

Maswali yalikuwa thelathini na mbili. La kumi na nne liliuliza: kabla ya ajali, ulikuwa umeendesha kwa saa ngapi bila kulala?

"Andika tano."

"Niandike kweli."

Alijikuna kiganja. "Thelathini na moja. Nilipakia bandarini, nikapeleka, nikakuta tajiri amenitafutia mzigo mwingine wa kurudi nao. Nikamwambia nimechoka. Akasema wapo kumi wanaotaka hilo lori, na wote hawajachoka." Aliangalia meza. "Nilikuwa naona barabara, mama. Sikufumba macho. Lakini ilikuwa kama naangalia barabara ya mtu mwingine."

"Teksi uliiona?"

"Niliiona. Nikajua imesimama kuchukua abiria."

"Imesimama kabla ya kivuko."

"Mimi nimepita pale miaka tisa," alisema, na kwa mara ya kwanza alimwangalia usoni. "Miaka tisa. Sijawahi kuona gari limesimama pale kwa ajili ya mtu. Teksi ikisimama, inachukua abiria au imekufa. Ningejuaje?"

Mama Tiki aliacha kuandika. Moja kati ya ishirini, alikumbuka. Aliizoea ile namba kwenye karatasi, na hakuwahi kufikiri kwamba siku yule mmoja atakaposimama kwa wema wake, hao kumi na tisa hawatamwelewa. Mkono uliotoka dirishani kumpa mama njia ndio uliompeleka chini ya lori.

"Nilikuwa juu pale," alisema. "Mimi ndiye ninayepima mwendo."

Dereva alijikuna tena kiganja. Kisha akauliza, "Nilikuwa ngapi?"

"Themanini na tatu."

"Nilidhani sitini. Andika sitini, mama. Nina watoto wawili. Wewe peke yako ndiye unayejua."

Mama Tiki alifunga daftari, akamwambia namba hiyo haitatoka ofisini kwao, ni siri, amekwishamsomea. Aliposema hivyo alikuwa anaamini.

Siku hiyo jioni alimsimulia baba yake. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, akimenya machungwa kwa kisu kidogo. Aliendesha malori miaka thelathini na nane, na magoti yake yote mawili yalikuwa yamekufa kwa klachi na breki.

"Hata ungepiga kelele asingekusikia," Mzee alisema. "Saa thelathini na moja, mtu hayumo ndani. Macho yako wazi, mwenye nyumba hayupo. Mimi nimewahi kufika mji mzima mbele, nikashuka, nikauliza watu hapa ni wapi."

"Yeye asingenisikia. Mpiga Pasi je?"

Mzee aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika.

Mwezi wa pili baada ya ajali, Mama Tiki akiwa kituoni, kibarua mmoja alipanda ngazi kumwambia kuna mgeni wake. Chini, kwenye benchi la chai, alimkuta mwanamke amevaa nguo nyeusi, mwenye uso uleule wa Mpiga Pasi, ila huu haukucheka. Alikuwa mdogo wake.

"Dada alikuwa akisema kuna mama juu pale anaona kila kitu," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kesi imeanza. Wakili wa mwenye lori anasema dada alikimbia. Anasema alijifunika nguo usoni, akaingia barabarani mbio, na lori lilikuwa hamsini. Polisi wanasema hawana shahidi." Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia. "Mimi nataka kujua tu. Alikimbia?"

"Hakukimbia. Alitembea. Gari lilimsimamia."

"Basi utakuja kusema."

Mama Tiki alikaa karibu naye. Yule mwanamke alingoja kidogo, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Alivuka barabara palepale kwenye kivuko, na Mama Tiki alisimama kwenye ngazi mpaka alipofika upande wa pili.

Alipomweleza Daktari nia yake ya kutoa ushahidi, yule mpole aliinuka kitini ghafla.

"Tumetia sahihi," alisema. "Mimi, wewe, na kila dereva tuliyemhoji. Ukipeleka ile fomu mahakamani, hakuna dereva nchi nzima atakayetufungulia mdomo tena. Tuna vivuko kumi na vinne. Ripoti hii ikitoka inaweza kuweka matuta kwenye vyote. Unajua ni watu wangapi wangepona?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Alikaa chini. "Sijui hesabu kamili."

"Mimi najua mmoja ambaye hakupona, na sasa anasingiziwa akiwa kaburini."

"Nielewe. Sikutishi, nakuomba."

"Nakuelewa, Daktari. Ndiyo maana nimekuja kukuambia kabla."

Hakuwa na uhakika na nafsi yake. Watu waliokuja kumsifu baadaye walidhani alikuwa amejipiga moyo konde, kumbe asubuhi ya mahakama alifika mlangoni akarudi ndani mara mbili. Alijua anavunja neno alilompa mtu mwenye pingu. Alijipa moyo kwa jambo moja tu: kwamba atasema yote. Atasema themanini na tatu, na atasema pia saa thelathini na moja. Mahakama ikijua nani alimpakia mzigo wa pili mtu aliyesema amechoka, lawama itapanda ngazi mpaka ifike panapostahili. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni tatu, moja inazunguka. Alikula kiapo, akasoma mstari wake wa mwisho safu kwa safu, saa nne na robo, lori, njia ya pili, themanini na tatu. Hakimu aliandika kwa mkono. Wakili wa mwenye lori alimuuliza kama amesomea vipimo hivyo, akajibu kwamba amesoma namba za malori miaka kumi na sita, na hakuna mwenye mzigo aliyewahi kumrudisha kwenye mizani akashinda. Watu wachache walicheka. Hakimu hakucheka, lakini aliandika.

Kisha akasema la pili. Alisema dereva alikuwa ameendesha saa thelathini na moja bila kulala, kwa amri ya tajiri wake.

"Ulimwona akiendesha saa zote hizo?" wakili aliuliza.

"Aliniambia mwenyewe."

"Kwa hiyo ni maneno ya kuambiwa."

Hakimu alimgeukia mshitakiwa, akamuuliza kama alisema hivyo. Tajiri alikuwa ameketi mstari wa pili, mzee nadhifu mwenye kofia magotini, na kando yake mke wa dereva na watoto wawili wamevalishwa viatu vipya. Dereva aliwaangalia wale watoto. Aliangalia viatu.

"Sikusema," alijibu. "Nililala vizuri siku ile. Tajiri wangu hana kosa."

Mama Tiki aligeuka kumwangalia. Dereva hakuinua macho.

Basi ikawa hivyo. Ule ukweli uliomfunga ulikuwa kwenye karatasi, ukasimama. Ule ambao ungempunguzia mzigo ulikuwa mdomoni mwake mwenyewe, akaumeza. Alipata kifungo cha miaka minne, na leseni ikafutwa. Mwenye lori hakuulizwa swali hata moja. Wiki iliyofuata lori lilikuwa barabarani na dereva mwingine, na Mama Tiki alilijua kwa namba zake.

Nje, kwenye ukumbi, mdogo wa marehemu alimshika mikono yote miwili. Nyuma yake alipita mke wa dereva na watoto wake. Alisimama mbele ya Mama Tiki, wala hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Alikuamini," alisema. "Aliniambia kuna mama mmoja amemwahidi." Akaenda zake.

Chama cha madereva kilitangaza kwamba mwanachama asiongee tena na mtafiti wa aina yoyote. Mahojiano yakasimama, na wafadhili hawakungoja. Waangalizi kumi na watatu walirudi nyumbani siku moja, akiwemo mwanamke ambaye Mama Tiki alikaa naye dawati moja siku za mafunzo. Walipokutana sokoni, yule mwanamke alibadilisha upande wa njia. Daktari alimwandikia barua fupi, yenye heshima, ya kumshukuru na kumwachisha kazi. Ripoti ilitoka mwaka uliofuata, nyembamba kuliko ilivyokusudiwa, na kivuko kile hakikuwemo. Matuta hayajawekwa mpaka leo. Michirizi ilipakwa rangi mara moja, kabla ya ziara ya mkubwa fulani, ikafifia tena.

Mzee hakula naye meza moja kwa miezi mitatu. "Umempeleka dereva jela," alisema siku ya hukumu. "Ungempeleka tajiri ningekupigia makofi." Mama Tiki alimwekea chakula, akakaa jikoni, akala peke yake akisikia kijiko cha baba yake upande wa pili wa ukuta. Siku ambayo Mzee alianza tena kuongea naye, aliongea habari za bomba linalovuja. Hawajalirudia jambo lile.

Alimtembelea dereva gerezani mara moja, mwaka wa kwanza. Dereva alikubali kuonana naye. Alikuwa amenenepa kidogo, ndevu zimenyolewa. Mama Tiki alimwomba msamaha kwa kuvunja ahadi, na hapo hapo akamwambia kuwa ingekuwa leo angefanya vilevile.

"Najua," dereva alisema. "Mimi pia." Kisha akaongeza, "Tajiri alimtunza mke wangu na watoto mpaka mwezi wa tano. Sasa simu hapokei."

Askari aligonga mlango, muda umekwisha. Mama Tiki alipotuma ujumbe wa kuomba kuja tena, jibu lilirudi kwamba mfungwa hataki wageni.

Siku hizi anafanya kazi katika shule ya udereva. Yeye si mwalimu, ni karani anayeandikisha wanafunzi na kutunza mafaili yao. Lakini mwenye shule, aliyesikia habari zake, alimruhusu saa moja kila Ijumaa asubuhi aongee na wanafunzi kabla hawajaingia kwenye gari. Hawaambii kuhusu Mpiga Pasi. Aliwahi kujaribu, sauti ikamkatika, wakamwonea huruma, na alipowauliza wiki iliyofuata wamekumbuka nini, walikumbuka kwamba alilia. Kwa hiyo sasa anachora ubaoni. Anachora njia mbili, kivuko, gari lililosimama, na mtu mdogo mbele yake asiyeonekana.

"Gari likisimama kabla ya kivuko, usilipite," anawaambia. "Hujui limesimama kwa nini. Simama na wewe."

Wanaandika. Wawili watatu nyuma wana simu chini ya dawati, naye anawaona, kwa maana macho yake bado ni mazuri, na siku hizi haandiki, anawaita palepale kwa sauti mpaka wanashtuka.

Ijumaa iliyopita msichana mmoja wa mbele, mwenye maswali mengi, aliinua mkono. "Na kama limeharibika tu? Nikisimama na mimi, nyuma watanipigia honi."

"Watakupigia," Mama Tiki alisema. "Utakuwa umesimama bure."

Msichana alingoja, akidhani kuna maelezo mengine. Hayakuwepo. Akainama, akaandika.